Sarafu ya Ghuba iliyokwama kwenye anwani ya ofisi

Ukisimama mbele ya duka la kubadilishia fedha kule Ruwi, Maskati, kibao cha bei kinachosha kukitazama. Shilingi zetu zinapanda na kushuka, rupia za India na Pakistani zinahangaika, lakini mistari ya majirani imeganda. Rial moja ya Oman ni kama dirham 9.55. Ni kama riyal 9.75 za Saudia. Siku moja nilimuuliza kijana wa dirishani kama namba hizo huwa zinabadilika. Akacheka, akasema kinachobadilika ni kamisheni yake tu.

Hapo hakuna uganga, ni dola. Riyal ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu 1986, na tangu mwaka huohuo rial moja ya Oman inapata dola 2.60. Dirham ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ambao hapa nitauita Imarati kama wenyewe wanavyouita, ni 3.6725 kwa dola. Riyal ya Qatar ni 3.64. Dinari ya Bahrain inapata karibu dola 2.66. Mashua tano zimefungwa kwenye gogo moja, kwa hiyo hazihitaji kamba kati yao ili zisiachane. Ya sita, Kuwait, ina kamba yake, na tutaifikia.

Manama, Bahrain, wamekwenda mbali zaidi. Mwisho wa wiki magari ya Wasaudia humiminika juu ya Daraja la Mfalme Fahd, kilomita 25 za barabara baharini, lililofunguliwa 1986 hiyohiyo. Kimahesabu dinari moja ya Bahrain ni riyal 9.97, lakini madukani ni kumi, basi. Mteja anachukua bidhaa ya dinari tatu, anatoa noti ya riyal 50, anarudishiwa dinari mbili. Hakuna aliyegusa kikokotoo wala aliyeuliza bei ya leo ni ngapi.

Nchi hizi, kwa hiyo, zilikuwa zimemaliza sehemu ngumu ya kazi ya kuunda sarafu moja kabla kazi haijaanza. Ulaya ilihangaika miaka mingi kuzisogeza sarafu zake zikaribiane kabla ya euro, ilhali Ghuba wao walikuwa wamekaribiana tayari. Wana lugha moja, dini moja, mafuta na gesi chini ya mchanga, na koo zilezile zilizotapakaa pande zote za mipaka. Fedha za kuendesha mradi hazikuwa tatizo. Wakashindwaje?

Ratiba iliyopitishwa Maskati

Baraza la Ushirikiano la Ghuba lilizinduliwa Abu Dhabi tarehe 25 Mei 1981, wakati vita vya Iran na Iraq vilikuwa havijatimiza hata mwaka. Wanachama ni haohao hadi leo: Saudia, Kuwait, Bahrain, Qatar, Imarati na Oman. Sekretarieti ikawekwa Riyadh. Mkataba wa uchumi wa mwaka huohuo uligusia uwezekano wa kuwa na sarafu ya pamoja, kisha wazo likalala miaka 20.

Lililoliamsha ni euro. Tarehe 31 Desemba 2001, siku moja kabla noti za euro hazijaanza kupita mikononi mwa watu, wakuu wa Ghuba walikuwa Maskati wakipitisha mkataba mpya wa uchumi wenye ratiba ndani yake. Umoja wa forodha ungeanza 2003, soko la pamoja lingefuata, na sarafu moja ingeingia sokoni tarehe 1 Januari 2010.

Mambo mawili ya kwanza yalitimia, angalau kwenye karatasi. Januari 2003 ushuru wa bidhaa za nje ukawa asilimia 5 kwa wote, unaolipwa mara moja kwenye bandari ya kuingilia. Hapohapo kukazuka ubishi wa kidugu: kontena likishushwa Jebel Ali huko Dubai, ushuru ukalipwa hapo, kisha mzigo ukaenda kuuzwa Dammam, Saudia, hela ile ni ya nani? Ubishi huo ulichukua miaka. Soko la pamoja lilitangazwa kuanza Januari 2008, likampa raia wa nchi moja haki ya kufanya kazi, kununua nyumba na kufungua biashara katika nyingine.

Vigezo vya kujiunga na sarafu vilinakiliwa Ulaya bila hata kubadilisha wino: nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 60, na vingine vya riba na mfumuko wa bei. Wao wenyewe waliongeza akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne. Kwa maoni yangu kanzu hii ilikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Serikali inayoishi kwa mafuta haina bajeti ya kupanga kwa asilimia tatu tatu. Pipa likipanda, kila waziri wa fedha ni hodari. Likianguka, nakisi inaruka hata kama hakuna aliyefanya uzembe.

Oman ndiyo iliyoliona hilo mapema. Mafuta yake ni machache kuliko ya majirani wakubwa, na ilikuwa ikijenga bandari na viwanda ili vijana wapate kazi siku visima vitakapolegea. Hiyo ni kazi ya kutumia na pengine kukopa, na Maskati haikutaka kubanwa mikono. Mwishoni mwa 2006 ikasema haitaweza kuingia 2010. Haikuwa na ugomvi na mtu wala haikuondoka barazani. Iliaga kwa adabu, kama mgeni anayesema ameshiba kumbe chakula hakikumpendeza. Ratiba iliyopitishwa mjini kwake ndiyo ilikuwa ya kwanza kumpoteza mwenye mji.

Mei 2007 ikafuata Kuwait, kwa namna nyingine. Dola ilikuwa ikishuka, bidhaa za Ulaya na Asia zikawa ghali, na Wakuwaiti wakachoka kuagiza mfumuko wa bei pamoja na magari. Wakaikata kamba ya dola, wakaifunga dinari kwenye kapu la sarafu kadhaa. Katika mradi wenyewe walibaki. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulipita asilimia 10 Qatar na Imarati, na madalali wa fedha wa dunia nzima walikuwa wakicheza kamari kwamba wengine nao wangekata kamba. Hawakukata.

Ofisi moja, wiki mbili

Tarehe 5 Mei 2009 wakuu walikutana Riyadh. Swali lilikuwa dogo ukilisikia: Baraza la Fedha, ambalo baadaye lingekuwa benki kuu ya Ghuba, likae wapi? Jibu likawa Riyadh.

Tarehe 20 Mei, siku 15 baadaye, Imarati ikatangaza kujitoa.

Hoja ya Imarati ilikuwa kwamba wao ndio waliotangulia kuomba uenyeji, tangu 2004, na kwamba taasisi kubwa za Ghuba zimejaa kwingine huku kwao hakuna hata moja. Hoja ya Saudia haikuhitaji kuandikwa: karibu nusu ya uchumi wote wa nchi sita ni wake. Wapo waliosema Abu Dhabi, mji mkuu wa Imarati, imesusa kama mtoto aliyenyimwa kiti cha dirishani. Sikubaliani nao. Tazama kilichomo ndani ya ofisi ya namna hiyo.

Benki kuu ya pamoja huamua riba. Huajiri wachumi mamia, na wengi huwa wa mji ule au waliouzoea. Mabenki makubwa ya nje hufungua ofisi karibu nayo, na mawakili na wakaguzi wa hesabu huyafuata. Dubai ilikuwa imeanzisha kituo chake cha fedha cha kimataifa 2004, na Riyadh ilikuwa tayari inajenga mtaa wake wa fedha uliopewa jina la Mfalme Abdullah. Aliyepata benki kuu alikuwa anapata sababu ya kuujaza mtaa wake.

La pili ni zito zaidi, ingawa halisemwi hadharani. Benki kuu ya pamoja hukagua vitabu. Hutaka kujua akiba ya kila mwanachama ni kiasi gani na mwenye benki anayeyumba ni nani. Katika Ghuba hesabu ya hazina ni mambo ya chumbani. Mfuko mkubwa wa uwekezaji wa Abu Dhabi, mmojawapo wa mikubwa zaidi duniani, hautangazi jumla ya mali yake. Nchi isiyowaambia wananchi wake ina kiasi gani, itakubalije kila mwezi kupeleka daftari kwenye mji wa jirani ambaye bado wana mgogoro naye wa mpaka?

Na mgogoro ulikuwepo kweli. Mkataba wa mpaka wa 1974 kati ya Saudia na Imarati uliiachia Saudia kisima kikubwa cha mafuta cha Shaybah na kipande cha pwani kuelekea Qatar, na Imarati haijawahi kuacha kulalamika. Kiangazi hicho cha 2009 ugomvi ulitoka kwenye makabrasha ukaja barabarani. Juni, malori maelfu yalikwama upande wa Imarati kwenye kituo cha mpakani cha Ghuwaifat, kwa maelezo kwamba Saudia imeanza kuchukua alama za vidole za madereva. Foleni ilikwenda kilomita nyingi jangwani, katika jua ambalo bati la lori huwezi kuligusa kwa kiganja. Watu wa Hilali Nyekundu ya Imarati walipita na maji na chakula. Madereva wengi walikuwa watu wa Bara Hindi, wasio na habari na benki kuu wala mipaka ya 1974. Ilipofika Agosti, Saudia ikawakatalia raia wa Imarati kuingia kwa kitambulisho cha uraia peke yake. Kitambulisho kilichorwa ramani, na ramani ile Riyadh haikuitambua.

Hayo ndani ya umoja wa forodha wa miaka sita na soko la pamoja la mwaka mmoja na nusu.

Katikati ya joto hilo, tarehe 7 Juni 2009, mawaziri wa Saudia, Kuwait, Bahrain na Qatar walitia saini mkataba wa umoja wa sarafu. Wanne kati ya sita, na uchumi wa pili kwa ukubwa hayumo. Baraza la Fedha lilikaa kikao chake cha kwanza Riyadh tarehe 30 Machi 2010, miezi mitatu baada ya siku ambayo sarafu ilitakiwa iwe mifukoni. Kwa wakati huo Ugiriki ilikuwa inaungua kwa madeni na mfano wenyewe, euro, ulikuwa unatoa moshi. Nani angekuwa na haraka?

Kuna jambo lililotokea kati ya hapo ambalo huwa nalirudia kichwani. Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai, Dubai World, iliomba wadai waisubiri. Soko likatikisika. Desemba Abu Dhabi ikatoa dola bilioni 10 kumwokoa ndugu yake. Hilo lilikuwa ndani ya nchi moja, kati ya watawala walioungana tangu 1971. Kama sarafu ingekuwa moja, swali la nani amlipie Dubai lingefika Riyadh, Doha na Kuwait, na sioni mahali kwenye mkataba wa 2009 panapolijibu.

Mwenye fedha akiwa mbali

Cha ajabu ni kwamba Ghuba imewahi kutumia fedha moja, na haikugombana. Ilikuwa rupia ya India. Wavuvi wa lulu wa Bahrain, wenye majahazi wa Dubai na wauza tende wa Batina wote walihesabu kwa rupia, sawa na babu zetu wa pwani hii. Bara waliiacha mapema miaka ya 1920. Unguja rupia iliendelea mpaka 1936. Jahazi lililotoka Sur, Oman, kuja Unguja na pepo za kaskazi halikuwa na haja ya kubadilisha fedha.

Baadaye India ikachoka, maana dhahabu ilikuwa ikivushwa kwa magendo kutoka Dubai na rupia zilizolipia zilirudi kudai akiba yake ya fedha za kigeni. Mwaka 1959 Benki ya Hifadhi ya India ikachapisha rupia maalumu ya Ghuba, noti za rangi tofauti na namba zinazoanza kwa herufi Z. Kuwait ikajitoa 1961 na dinari yake, Bahrain 1965. Juni 1966 India ikaishusha rupia kwa zaidi ya theluthi, na waliobaki wakakimbia: Qatar na Dubai wakatengeneza riyal ya pamoja, Abu Dhabi ikaazima dinari ya Bahrain. Oman ilikawia hadi 1970.

Mwaka huohuo wa 1966, huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zinatoa kila moja shilingi yake. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyosimamiwa na bodi iliyokaa London mpaka 1960, ikafa. Pwani mbili za bahari moja zikapoteza fedha ya pamoja kwa pamoja, na sidhani kama ni sadfa tupu. Rupia ilidumu wakati mwenyewe akiwa Bombay. Shilingi ilidumu wakati mwenyewe akiwa London. Dola leo inazifunga sarafu tano za Ghuba, na hakuna sheikh anayelalamika kwamba makao ya benki kuu ya Marekani yako Washington. Riba ikipanda kule, siku hiyohiyo Riyadh na Abu Dhabi zinapandisha. Uamuzi ule haukuwauma kwa sababu haukutoka kwa jirani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mradi ulikufa kwa sababu uchumi wa nchi hizi unafanana mno na hazina cha kuuziana. Ni kweli zote zinauza mafuta na gesi nje. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini faida ingekuwa ndogo, haielezi kwa nini mtu aondoke siku 15 baada ya kutajiwa mji.

Waya uliobaki

Mwaka huohuo wa 2009 jambo jingine la pamoja lilifanikiwa, na nchi zilizoanza ni zilezile nne zilizotia saini. Ni gridi ya umeme. Kazi yake haikuwa rahisi: umeme wa Saudia una masafa ya hezi 60, wa majirani wote ni 50, kwa hiyo ukiunganisha waya kwa waya utaunguza mitambo. Ikabidi kujengwa kituo kikubwa cha kugeuza umeme Al Fadhili, mashariki ya Saudia, ambapo mkondo wa aina moja unavunjwa na kuzaliwa upya wa aina nyingine. Imarati, iliyokuwa imesusa sarafu miaka miwili nyuma, ikajiunga na gridi 2011. Oman ikafuata.

Tarehe 5 Juni 2017 Saudia, Imarati na Bahrain, pamoja na Misri, ziliikatia Qatar uhusiano. Mpaka pekee wa nchi kavu, Abu Samra, ukafungwa. Anga likafungwa. Wafugaji wa Qatar waliokuwa wakilisha ngamia upande wa Saudia walirudishwa na mifugo yao. Maziwa yaliadimika madukani Doha, na kampuni moja ikaleta ng'ombe kwa ndege. Meli zilizozoea kupitia Jebel Ali zikahamia Sohar na Salalah, Oman. Hali hiyo ilidumu hadi Januari 2021, wakuu walipopatana Al-Ula, Saudia.

Katika miaka yote mitatu na nusu, gesi ya Qatar iliendelea kupita chini ya bahari kutoka Ras Laffan hadi Taweelah, Imarati, kwenye bomba la Dolphin, futi za ujazo karibu bilioni mbili kila siku. Waliomfungia mwenzao mlango walikuwa wanawasha viyoyozi kwa gesi yake. Waya wa gridi nao haukukatwa.

Bomba lina mkataba wa muuzaji na mnunuzi. Gridi ni akiba ya dharura: mtambo wako ukizima usiku wa Agosti, jirani anakuazima, na yeye atakuazima zamu yake ikifika. Kila mmoja amebaki na mitambo yake, daftari lake na siri yake. Hakuna anayehitaji kumwamini mwenzake zaidi ya kiasi kilichoandikwa kwenye mita. Sarafu ilitaka imani ya aina nyingine kabisa, ya kumkabidhi mtu funguo za sanduku na wewe usijue atalifungua saa ngapi.

Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tulitia saini itifaki ya umoja wa sarafu Kampala, tarehe 30 Novemba 2013, tukajipa miaka kumi. Sasa tarehe inayotajwa ni 2031. Na sisi hatuna hata lile gogo moja la kufungia mashua. Shilingi zetu na faranga za wenzetu kila moja inaelea kivyake. Taasisi ya Fedha itakayotangulia benki kuu ya pamoja nayo itahitaji mji wa kukaa.

Huko Ghuba, Baraza la Fedha bado lipo Riyadh, lina wafanyakazi na majukumu, halina sarafu. Hakuna anayeitaja 2010 tena. Lakini suala la anwani halikuisha. Februari 2021 Saudia ilitangaza kwamba kuanzia 2024 serikali yake haitatoa zabuni kwa kampuni ya kigeni ambayo makao yake makuu ya kanda hayako ndani ya ufalme. Kila mtu alijua makao hayo kwa kawaida yalikuwa wapi: Dubai. Julai mwaka huohuo ikabadili kanuni za forodha, ili bidhaa zilizotengenezwa katika maeneo huru ya biashara zisihesabiwe tena kuwa bidhaa za Ghuba, na mwenye maeneo huru mengi kuliko wote ni Imarati. Safari hii hakukuitishwa kikao cha wakuu wala hakukuwa na mkataba wa kutia saini. Kampuni zilianza kutafuta ofisi za kupanga Riyadh.